Amri ya Saba na Vyombo Vilivyokufa



Mafundisho ya amri ya saba yafikapo, wengi hudhani kwamba mwizi ni yule tu avunjaye nyumba usiku, au amfunguaye mbuzi wa jirani kambani. Huyo ni mwizi kweli, wala hakuna awezaye kumtetea. Lakini uko wizi mwingine usiovunja mlango wala kungoja giza. Ni wizi wa mtu amwuziaye mwenzake kitu kilichokufa, naye ajua kwamba kimekufa. Ni wizi wa mtu atupaye sumu yake katika shamba la mwingine, ili ua wake yeye ukae safi.

Wizi huo umekwisha kuingia Afrika. Unaingia pamoja na simu, redio, televisheni, kompyuta, friji na betri ambazo wenyewe wamezichoka katika nchi za mbali. Wakristu wa Goma na wa vijiji vyake, toka Sake hata Kibumba, hawana budi kuujua, ili wasidanganyike, na ili wao wenyewe wasiwe washiriki wake.

I. Jiwe laenda, takataka zarudi

Kila mtu wa Kivu ya Kaskazini amesikia habari za Rubaya, katika milima ya Masisi. Huko wanaume na vijana huchimba koltani kwa sururu na beleshi, na mara nyingine udongo huwafukia wangali hai. Ndani ya koltani mna madini yaitwayo tantali, ambayo mafundi huyatumia kutengeneza vipande vidogo sana vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Yakadiriwa kwamba tantali itokayo Rubaya ni yapata asilimia 15 ya ile ya dunia nzima. Ndiyo sababu vilima hivyo vimepiganiwa. Mwaka 2024 wapiganaji wa M23 waliitwaa Rubaya, na mwishoni mwa Januari 2025 waliingia Goma. Waliolipia vita hivyo kwa nyumba zao na watoto wao ni wengi kuliko waliopata kuiona faida ya madini.

Basi jiwe hutoka mlimani, huvushwa mipaka, hufika katika viwanda vya mbali, na huko hugeuka kuwa simu nzuri yenye kung'aa. Mtu wa mji mkubwa wa Ulaya au wa Marekani huinunua, huitumia miaka michache, kisha huichoka. Mara nyingi haijafa bado. Ila imetoka nyingine iliyo mpya. Mwaka 2022 peke yake, dunia ilitoa tani milioni 62 za vyombo vya umeme vilivyotupwa. Mzigo huo ungejaza malori makubwa zaidi ya milioni moja na nusu. Katika kila tani 100 za takataka hizo, ni tani 22 hivi tu zilizojulikana kwamba zilikusanywa na kutengenezwa upya kwa utaratibu mwema.

Zilizobaki zilikwenda wapi? Nyingine zilifukiwa, nyingine zilichomwa, nyingine zimelala makabatini. Na nyingine zilipakiwa melini. Kwa maana kukivunja chombo kilichokufa bila kumdhuru mtu ni kazi ya gharama katika nchi za matajiri, ambako sheria ni kali na mishahara ni mikubwa. Ni rahisi zaidi kuandika juu ya kasha kwamba vyombo vya ndani vyafaa bado, na kulipeleka Afrika. Katika bandari ya Lagos, nchini Nijeria, wachunguzi walihesabu mizigo ya namna hiyo mwaka 2015 na 2016. Waliona kwamba tani 60,000 hivi za vyombo vilivyotumika ziliingia kila mwaka, nyingi zimefichwa ndani ya magari makuukuu, na kwamba zaidi ya tani 15,000 zilikuwa zimekwisha kufa.

Bidhaa zilizotumika hupanda pia kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kwa malori, hata zikafika katika masoko ya Kivu. Ni kweli kwamba si kila chombo kilichotumika ni takataka. Redio iliyotengenezwa vema humfikishia mgonjwa Misa ya dominika kitandani pake, na simu ya bei ndogo humwezesha mama kusikia sauti ya mwanawe aliyekimbia vita. Kununua kitu kilichotumika si dhambi, wala kukiuza si dhambi. Dhambi ni udanganyifu: kumpa maskini maiti ya chombo na kuita bidhaa.

Tazameni basi jinsi maskini anavyodhulumiwa mara mbili. Mara ya kwanza, jiwe lake huchukuliwa kwa bei ndogo. Mara ya pili, chombo kilichotoka katika jiwe hilo humrudia kikiwa kimekufa, naye hukilipia.

II. Sumu isiyoonekana

Labda mtu atasema: "Chombo kilichokufa kinadhuru nini? Si kitalala tu kama jiwe?" La, hakilali kama jiwe. Kioo cha televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, huwa na madini ya risasi zaidi ya kilo moja. Betri ya gari, ambayo watu wengi huitumia kutunza umeme wa jua, imejaa risasi na asidi inayounguza. Katika taa fulani na vyombo vingine mna zebaki. Vitu hivyo, vikiwa ndani ya chombo kizima, havimgusi mtu. Lakini chombo kikipasuliwa kwa nyundo au kikitiwa motoni, sumu hutoka na kutafuta njia ya kuingia katika mwili.

Risasi ikiingia katika mwili wa mtoto huidhuru akili yake. Hujifunza kwa shida, hukua kwa shida, wala hakuna dawa iwezayo kumrudishia yote aliyoyapoteza. Hali kadhalika waya zikichomwa ili kupata shaba, moshi mweusi wa ganda lake hubeba sumu iitwayo dioksini. Sumu hiyo huanguka juu ya majani na udongo. Kuku hudonoa hapo, na sumu huingia katika yai. Mwaka 2019 yalipimwa mayai ya kuku waliokuwa wakitafuta chakula Agbogbloshie, mahali palipojulikana sana kwa kuchomea vyombo hivyo katika mji wa Accra, nchini Ghana. Ilionekana kwamba mtu mzima akila yai moja tu la pale alipata dioksini mara 220 kuliko kipimo cha siku moja kilichoruhusiwa Ulaya. Pahali hapo palivunjwa na serikali mwaka 2021, lakini waliokuwa wamekwisha kula mayai yale walikuwa wamekwisha kuyala.

Wala habari hizi si za Afrika ya magharibi peke yake. Mjini Nairobi, karibu na jalala kuu la Dandora, watoto 328 walipimwa damu kwa uchunguzi uliotolewa mwaka 2007. Karibu nusu yao walikutwa na risasi kupita kipimo kilichokubaliwa wakati huo. Na huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwanamke mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake mchanga akiugua kwa risasi. Hakutosheka na kumponya mwanawe tu. Aliwakusanya majirani wakasimama pamoja. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufani, Mahakama ya Upeo ilithibitisha malipo hayo Desemba 2024. Hesabuni miaka hiyo, mtaona kwamba haki ya maskini huja kwa mwendo wa kinyonga. Lakini huja, kama kuna mtu asiyechoka kuidai.

III. Mji uliojengwa juu ya mawe

Kila nchi huumizwa na sumu, lakini Goma ina sababu yake ya kuogopa zaidi. Mji huo umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 mto wa moto ulipita katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena, na moto ukafika mpakani mwa mji. Wazee wa Goma wanajua jinsi ilivyo kazi kuchimba hata shimo la choo katika mawe hayo. Basi shimo la kufukia takataka litachimbwa wapi? Nayo mawe yenyewe yana matundu na nyufa. Mvua ikinyesha, maji hayasimami. Hupenya chini pamoja na yote yaliyomo, na njia yake huelekea Ziwa Kivu. Na watu wa Goma hunywa maji gani? Wengi wao hunywa ya ziwa hilo hilo.

Kitupwacho ziwani hakibaki mbele ya mlango wa aliyekitupa. Takataka za plastiki huelea na kusafiri urefu wote wa ziwa hata Bukavu, mahali mto Ruzizi unapoanzia, na huko huiziba mitambo ya umeme. Ndugu wa Bukavu hukaa gizani kwa sababu ya kitu kilichoanguka kutoka mkononi mwa mtu asiyemjua. Mungu ameyafunga maisha ya watu pamoja kwa maji, wapende wasipende.

IV. Neno la Mungu

Neno la Mungu halikuzijua simu, lakini liliujua moyo wa mwanadamu, nao haujabadilika.

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli. Walikuwa wakingoja kwa uchu siku takatifu iishe, ili warudi sokoni na mizani ya uongo. Walifikiri kumnunua maskini kwa bei ya viatu, na hata makapi ya ngano waliyauza kama chakula. Mungu aliapa kwamba hatayasahau matendo yao kamwe. Tazama basi: kosa la kumwuzia maskini makapi ni la zamani, na kiapo cha Mungu juu yake ni cha zamani pia, wala hakijafutwa.

Sheria ya Musa nayo ilifundisha habari za shimo. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe wa mwenzake akatumbukia, mchimbaji ndiye wa kulipa. Hawezi kusema, "Sikumsukuma ng'ombe." Ndivyo ilivyo kwa aachaye sumu mahali watoto wanapopita. Hawezi kusema, "Sikumwambia mtoto aiguse."

Na Bwana Yezu Kristu alitoa mfano wa tajiri na Lazaro. Tajiri huyo hasemwi kwamba alimpiga Lazaro, wala kwamba alimwibia. Alikula vizuri, alivaa vizuri, na maskini alikuwa mlangoni pake na vidonda vyake. Kwa kutokumwona tu alipotea. Basi itakuwaje kwa tajiri ambaye, zaidi ya kumnyima Lazaro makombo ya meza, ametuma na takataka za nyumba yake zimwagwe juu ya vidonda vile?

Kanisa limeyafundisha mambo haya waziwazi. Katekismu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yaeleza kwamba amri ya saba hudai pia heshima kwa viumbe vyote, kwa kuwa vimewekwa kwa faida ya watu wote, wa sasa na wa baadaye. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika barua kwa dunia nzima, iitwayo Laudato si', akionya juu ya desturi ya kutumia na kutupa, ambayo mwishowe huwatupa na wanadamu. Naye alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliwaambia wakuu wa dunia waondoe mikono yao juu ya Kongo, kwa maana si mgodi wa kunyang'anywa. Marehemu Papa huyo alikuwa ametamani kufika Goma yenyewe, lakini vita vilimzuia. Basi waliodhulumiwa wa mashariki walimwendea Kinshasa, naye akawasikiliza.

V. Sheria ipo, anahitajika mtu

Wanadamu nao wameweka sheria. Mwaka 1988, katika Koko, bandari ndogo ya Nijeria, maelfu ya mapipa ya sumu kutoka Italia yalikutwa katika ua wa mzee mmoja. Alikuwa ameukodisha ua wake kwa dola 100 hivi kwa mwezi, bila kujua anatunza nini. Afrika nzima ilishtuka. Mwaka 1989 mataifa yalifanya mapatano ya Basel juu ya takataka zenye sumu, na mwaka 1991 nchi za Afrika zilifanya mapatano yao wenyewe huko Bamako, zikakataza kabisa takataka hizo zisiingizwe barani. Mapatano ya Bamako yalianza kutumika mwaka 1998. Kongo imo katika yote mawili. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, kwa mapatano ya Basel, takataka za vyombo vya umeme, ziwe na sumu au zisiwe nayo, hazipaswi kuvushwa mpaka pasipo idhini ya nchi izipokeayo, iliyotolewa kwanza.

Kwa hiyo sheria ipo. Lakini sheria ni karatasi, na karatasi haina mikono. Mpakani pahitajika mtu. Mtu huyo akiwa mwaminifu, sheria ina nguvu. Akipokea bahasha, sheria imekufa hata kabla ya lori kupita.

Goma imempata mtu wa namna hiyo, na Kanisa limemweka juu ya altare. Jina lake ni Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alipokuwa kijana aliingia katika jumuiya ya Sant'Egidio, akawapenda watoto wa barabarani, wale waitwao maibobo, akakaa nao na kuwasaidia wapate shule. Kisha alipata kazi katika ofisi ya serikali ikaguayo bidhaa, iitwayo OCC. Kazi yake Goma ilikuwa kuvitazama vyakula vipitavyo mpakani na kuvikataa vilivyoharibika.

Siku moja uliletwa mchele uliooza. Wenye mzigo walimpa fedha ili aufumbie macho. Alikataa. Waliongeza fedha, akakataa tena. Watu wenye cheo walimsihi, naye hakukubali. Alifikiri kwamba fedha zile zingekwisha upesi, lakini watu ambao wangeula mchele wangepatwa na nini? Naye alijiuliza kama mtu anayepokea fedha ya namna hiyo anaishi kweli kwa ajili ya Kristu. Mchele haukupita. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Siku mbili baadaye mwili wake ulipatikana, umeteswa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri na mfiadini. Wengine waliuawa kwa kukataa kuziabudu sanamu. Yeye aliuawa kwa kukataa kuwalisha maskini sumu. Ni imani ile ile moja. Kwa maana sanamu iliyowekwa mbele yake ilikuwa fedha, na alipoikataa alimkiri Kristu.

Mchele uliooza na betri iliyokufa hutofautiana kwa jambo moja tu. Mchele huumiza leo, na tumbo hulia mara moja. Risasi huumiza polepole, na anayelia ni mtoto atakayeshindwa kusoma baada ya miaka. Udhalimu ulio polepole si mdogo, umejificha tu.

VI. Nani ana dhambi?

Mkatekumeni mwenye kufikiri ataona ugumu hapa. Atasema: "Kijana wa Goma achomaye waya hana chakula. Mchukuzi wa chukudu anayebeba vyuma vikuukuu ana watoto nyumbani. Je, hao nao watahukumiwa pamoja na tajiri wa mbali?"

Kanisa hujibu kwa mizani ya haki. Mzigo wa dhambi haulingani kwa wote. Ulio mzito kabisa ni wa yule ajuaye sumu, mwenye mali ya kuiondoa vizuri, naye akaituma kwa maskini ili asipungukiwe faida. Baada yake ni ofisa apokeaye rushwa ili asitazame. Baada yake ni mchuuzi ajuaye kwamba kitu kimekufa, akaapa kwamba ki hai. Asiyejua, wala hakuweza kujua, hana hatia mbele ya Mungu kwa jambo hilo. Na mwenye njaa ashikaye kazi ya hatari kwa kuwa hakuna nyingine, Mungu huijua njaa yake kuliko majirani wanaomlaumu.

Lakini sikilizeni vema. Njaa humpunguzia mtu hatia, haiipunguzi sumu. Moshi hauulizi kama aliyeuwasha ni maskini. Humwingia yeye kwanza, kisha mdogo wake. Kwa hiyo yule akisha kufundishwa, upendo wamdai atafute njia nyingine hata ikiwa ni ya polepole: waya huchunwa kwa kisu badala ya kuchomwa, na betri ya gari huuzwa nzima, bila kumwaga asidi yake ardhini. Tena mwenye duka na mwenye mali, ambao humtuma kijana kuchoma kwa ujira mdogo, wasijifiche nyuma ya njaa yake. Njaa ni ya kijana. Faida ni yao.

Wala isidhaniwe kwamba Afrika haiwezi kuifanya kazi hii vizuri. Huko Bugesera, nchini Rwanda, kimejengwa kiwanda cha kuvivunja vyombo hivyo na kuvitengeneza upya. Kinachowezekana huko chawezekana na Kongo, siku ambayo amani na uaminifu vitakaa pamoja.

VII. Maswali ya kujifunza

Swali. Amri ya saba inakataza nini zaidi ya kuiba mali ya mtu?
Jibu. Inakataza pia kudanganya katika biashara, kutoa na kupokea rushwa, na kuharibu vitu ambavyo Mungu amewapa watu wote.

Swali. Mtu auzapo simu iliyokufa, na mnunuzi hakuuliza, je, ana dhambi?
Jibu. Ndiyo. Mwuzaji ajuaye ubovu wa kitu chake hana budi kuusema. Naye akiisha kudanganya, kuungama hakutoshi. Lazima arudishe fedha.

Swali. Kwa nini Mkristu wa kijijini aangalie mambo haya, naye hana kompyuta?
Jibu. Kwa kuwa ana tochi, redio, simu na betri. Tena ana watoto.

Swali. Mawe ya tochi yaliyokwisha yafanyiweje?
Jibu. Yasipasuliwe, yasitupwe motoni, shambani wala ziwani. Yawekwe katika kopo kavu lenye kifuniko, mbali na jiko na watoto, hata apatikane mtu wa kuyapokea.

Swali. Je, yafaa kuupaka weusi ubao wa shule kwa unga wa ndani ya mawe hayo?
Jibu. Haifai. Watoto hushika ubao huo, hufuta vumbi lake, na kulivuta puani. Makaa ya kuni yaliyosagwa yatosha.

Swali. Ni nani anayepaswa kuombwa kwa namna ya pekee na wachuuzi, wachukuzi na maofisa wa mpakani?
Jibu. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, ambaye sikukuu yake ni tarehe 8 Julai.

VIII. Kusudi la juma hili

Kila mkatekumeni, siku ile ya Ubatizo wake, ataulizwa mbele ya watu wote kama anamkataa Shetani na matendo yake na fahari zake. Ni swali fupi, na wengi hulijibu kwa sauti kubwa. Lakini jibu lake huanza mapema: sokoni, mpakani, na mbele ya moto wa waya. Mtu hawezi kumkataa Shetani kanisani asubuhi, na jioni akamwuzia mjane redio iliyokufa. Maji atakayomwagiwa kichwani ni kiumbe cha Mungu, ndugu wa maji ya ziwa. Haiwezekani kuyaheshimu hapa na kuyatia sumu pale.

Basi juma hili kila mmoja aitazame nyumba yake. Vilivyokufa avikusanye pamoja na kuviweka mahali salama. Aliyemdanganya mwenzake katika biashara, aende amrudishie kabla ya dominika. Mwenye mtoto anayechoma waya au kupasua betri, amwite nyumbani, amweleze sababu kwa upole, na kama ni njaa iliyomtuma, jumuiya ya kijiji ijue, imsaidie. Na wanavijiji wakiona mzigo wa takataka unamwagwa usiku karibu nao, wasinyamaze. Waende kwa mkuu wa kijiji, na waende wengi pamoja, kwa sababu mmoja peke yake hutishwa upesi.

Sala

Ee Mungu, uliyeiumba milima ya Masisi na maji ya Kivu, ukaona kuwa ni vema, uwaangalie watu wako wanaoishi kati ya moto wa mlima na vita vya wanadamu. Uwageuze mioyo wale wanaotuma sumu kwa maskini. Uwape maofisa na wachuuzi moyo wa mtumishi wako Floribert, ambaye hakuuza uhai wa wenzake kwa fedha. Uwalinde watoto na madhara wasiyoyajua, na uwape wakatekumeni wako neema ya kuiacha njia ya udanganyifu kabla ya kuyafikia maji ya Ubatizo. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.